Kitabu cha Mreno Kimegawiwa

SILIMA: Haloo! Haloo! Chake hapo? Nani mwenzangu?

MABRUKI: Chake, dukani kwa Mabruki. Nani weye?

SILIMA: Silima, shemeji. Niko Wete, ofisi ya bandari.

MABRUKI: Aa, shemeji! Asalaam aleikum! Hujambo? Na wenyeji wa Wete hawaja—

SILIMA: Waaleikum salaam, wazima. Shemeji, gari ya asubuhi imefika. Kitabu hakimo.

MABRUKI: (anakohoa)

SILIMA: Haloo?

MABRUKI: Nipo. Simu inakoroma huku.

SILIMA: Kitabu changu cha picha! Mreno na ng'ombe! Nilikuachia jana Mama akitazame, leo ukitie garini. Mpiga chapa wa Tanga huyu hapa, keshafunga mizigo. Meli inapakia!

MABRUKI: Kitabu kizuri kile, wallahi. Mama kacheka mpaka kashika mbavu. Vile Mreno anavyotimuliwa na ng'ombe wetu, masharubu huku, kofia kule—

SILIMA: Kiko wapi?

MABRUKI: Sikiza. Jana laasiri watu walijaa barazani. Wazee wanataka, watoto wanavuta, wanawake wanagonga mlango wa ndani, "Na sisi tuleteeni!" Kikaanza kuchanika, yakhe. Nikaona bora—

SILIMA: Bora nini?

MABRUKI: Nikakata uzi.

SILIMA: Uzi gani?

MABRUKI: Wa kitabu. Nikawagawia kurasa, kama juzuu za Kurani kwenye khitma. Kila mtu na wake, kitabu kizima kikasomwa kwa kikao kimoja.

SILIMA: Mabruki! Juzuu hurejeshwa!

MABRUKI: Ndivyo nilivyodhani! Ikaadhiniwa magharibi, watu wakaondoka nazo.

SILIMA: Ya Rabbi!

MABRUKI: Tangu alfajiri nazunguka. Bi Time kesharudi kwao Kojani na ukurasa wake. Mzee Kificho yuko Vitongoji na ukurasa ule Mreno anaparamia mnazi. Tangu afiwe na mkewe mzee yule hajaonyesha jino. Jana kacheka. Nimemwomba, kautia chini ya mto. Nimnyang'anye?

SILIMA: Miaka miwili nimekichora kitabu kile, nakala nyingine sina! Karatasi hazipatikani kwa vita hivi, na huyu bwana kasema harudi Pemba mpaka viishe. Fanya kitu!

MABRUKI: Nifanye nini, shemeji? Ninalo jalada tu.

(Honi ya meli, upande wa Wete.)

SILIMA: Umesikia? Anapanda, huyoo... Hata hajageuka.

MABRUKI: Nisamehe, ndugu yangu. Nisamehe sana. Shemeji... hapa dukani wamejaa. Kila mtu kaona kipande chake, na aliyechukua mwisho hatujamjua. Wanakuomba uwaambie.

SILIMA: Saa hizi?

MABRUKI: Wamenizunguka, wanangoja; sema, nami nawatangazia.

SILIMA: (anavuta pumzi) Haya. Yuko juu ya mnazi, njaa inamuuma. Anataka dafu. Bi kizee yuko chini, anamwambia, "Dafu lina kodi, bwana. Si uliiweka mwenyewe?" Anatupa kofia. Anatupa upanga. Anatupa na suruali.

MABRUKI: (vicheko nyuma yake) Tulizaneni! Enhe, halafu?

SILIMA: Usiku anashuka, kajifunga kaniki ya bi kizee, mbio pwani. Askari wake hawamjui. Wanamdai kodi.

MABRUKI: (vicheko vikubwa) Lahaula! Wamelala chini, shemeji! Wazee, watoto, hata Mama huko ndani! Unawasikia?

SILIMA: Nawasikia. Meli imeondoka.

MABRUKI: Nini? Sema kwa nguvu, wanacheka mno!

SILIMA: Nasema... bwana wa ofisi anataka simu yake. Msalimie Mama.

MABRUKI: Ngoja, wanataka tena! Anzia pale pa dafu! Shemeji? Haloo? Shemeji—