Tairi Pana la Mboje

Pale njia panda ya Malangali, Romani huweka birika lake la kahawa ukungu ukiwa bado chini, na benchi hujaa kabla kahawa haijachemka. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa yakiuza chumvi na viberiti tu sasa yalining'iniza matairi ya pikipiki ya kila ukubwa, kila mtu akawa fundi wa kuchagua. Mboje, mfugaji wa Mollo, alichagua pana kuliko yote akalifunga nyuma, kwa hesabu za mkokoteni wa ng'ombe: gurudumu pana halizami kwenye tope. Na kweli halikuzama. Lakini juzi, kwenye kona ya Pito, pikipiki ilikataa kupinda, ikaingia shamba la ulezi na mkewe Sayi akiwa nyuma, mimba ya miezi minane. Hawakuumia. Sayi aliinuka, akakung'uta kanga, akasema hapandi tena. Na kutoka Mollo hadi hospitali usafiri wao ulikuwa huo huo. Asubuhi hii Mboje alikuja kijiweni kutafuta jibu.

— Nikiilaza kwenye kona inagoma, alisema. Inasimama wima yenyewe. Kama ng'ombe asiyetaka kuingia josho la dawa.

— Upepo huo, alisema Vitus, waliyemwita Redio kwa kuwa hakuna habari inayompita. Hapa Ufipa kuna upepo, bwana. Tairi pana linaukinga, unakusukuma pembeni.

— Upepo gani uko chini ya pikipiki? aliuliza Zenon, fundi viatu, maarufu kama Nyundo. Shida ni la mbele. La mbele jembamba, la nyuma jitu zima. Umeona wapi mtoto akamwongoza baba yake?

— Lakini hata mtoto anaongoza maksai, Mboje akasema.

— Maksai wamefundishwa. Tairi lako nani kalifundisha?

Romani akamimina kahawa, akazunguka kugawa vikombe. Alivaa katambuga mpya, viatu vya tairi, na kila alipokanyaga aliacha alama za meno vumbini.

— Mimi nawaambia, akasema, hilo tairi limetoka Dubai. Dubai ni jangwa. Jangwani kuna kona?

Hakuna aliyewahi kufika Dubai.

— Hakuna kona, Redio akakubali, kwa sauti ya taarifa ya habari. Barabara yao imenyooka mpaka baharini.

— Basi limekulia huko, Romani akamalizia. Halijui kupinda. Lipe miaka miwili, litazoea.

— Miaka miwili! Mboje akaruka. Mtoto anakuja mwezi ujao!

Ilimuuma, na wote wakaona. Nyundo akakuna kichwa, kisha akatoa sarafu mfukoni na kuomba kopo tupu la sukari. Akaibingirisha sarafu chini. Ikaenda, ikajilaza ubavu, ikapinda vizuri mpaka kwenye mguu wa benchi. Akabingirisha kopo. Halikujilaza hata kidogo. Likaenda moja kwa moja, likatumbukia mtaroni.

— Rudia, alisema Mboje.

Wakarudia mara tano. Redio alipiga magoti kabisa, shavu karibu na ardhi. Kila mara sarafu ilipinda, kila mara kopo lilikwenda mtaroni. Mboje alisikia raha ambayo hakuwa nayo siku mbili. Kumbe ni upana! Kumbe pikipiki haina ubishi, imevalishwa tu kopo.

— Basi kazi imekwisha, Redio alitangaza. Dawa ni jembamba lirudi.

Wakapeana mikono. Walikuwa bado wanacheka Sayi alipotokea kwenye ukungu, kwa miguu, kutoka Mollo, mkono mmoja kiunoni. Miguu ilikuwa imevimba, vumbi mpaka magotini.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama. Karibu, karibu ukae.

— Mama Bundala, Mboje akasema haraka, tumepata! Ni upana. Tunarudisha lile la zamani, linapinda lenyewe, utaona.

— Vizuri, baba Bundala, alisema Sayi. Liko wapi?

Romani akasimama na birika hewani. Nyundo akavuta miguu yake chini ya benchi. Redio akatazama upande wa Pito. Mboje akakumbuka siku alipofunga tairi jipya, jinsi alivyomtupia Nyundo lile la zamani, bado lina meno yake yote: chukua, fanya unachotaka. Lilitoa jozi tatu kamili za katambuga.

Sayi alitazama alama za meno kwenye vumbi, kutoka kwenye birika mpaka kwenye benchi. Akatazama miguu ya wale watatu, mmoja mmoja, yote sita. Kisha akakaa, akanyoosha yake.

— Nitapumzika kidogo, alisema. Kurudi Mollo mtanibeba nyinyi watatu, maana tairi mnalo.

Romani ndiye aliyeanza kuvua katambuga.