Kiti Kilichogoma

Kijiwe chetu ni benchi moja refu mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, na kina sheria moja tu: aliyeleta kesi haondoki mpaka kesi iishe. Leo aliyeleta ni Honi, dereva teksi. Gari lake lipo hapa mbele, mlango wa abiria wazi. Alilinunua kwa ajili ya kiti kimoja, cha mbele, kinachogeukia mlangoni na kushuka chini ili mgonjwa akalie bila taabu. Mama yake kafanyiwa upasuaji wa nyonga, na mchana huu anaruhusiwa kutoka hospitali. Sasa kiti kimegoma. Kwenye skrini kumeandikwa: muda wa majaribio umekwisha, lipia kila mwezi.

Honi: Mota imo humo ndani! Nilinunua gari pamoja nayo!

Spana, fundi magari, akachungulia chini ya kiti.

Spana: Imo kweli, nzima kabisa. Wameipiga kufuli kwa kompyuta.

Mimi: Si ulipie tu leo, yaishe?

Honi: Nilipie kiti changu mwenyewe? Labda nimerogwa.

Spana: Na mimi kufuli siligusi. Juzi nilimchezea mtu kufuli la taa, gari zima likanuna. Likabaki kupiga waipa tu, na jua linawaka.

Profesa, muuza simu wetu, akaweka kikombe chini. Akishaweka kikombe chini ujue tumekwisha.

Profesa: Kiti ni mwanzo tu. Mwakani wanahamia kwenye gia. Kwenda mbele bure, kurudi nyuma unalipia.

Mimi: Nikiingia kichochoro kisichotokea je?

Profesa: Unahamia humo humo.

Spana: Na breki?

Profesa: Breki kwa vifurushi. Unateremka mlima, sauti nyororo inakwambia, "Mpendwa mteja, umebakiwa na breki mbili."

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Honi hakucheka. Alikuwa anatazama barabara ya hospitali.

Honi: Jamani, mama ananisubiri getini. Si niende tu, tutambeba kwa mikono?

Spana: Kaa chini. Kesi haijaisha.

Nami, sijui nilitumwa na nani, nikadakia: Kweli, kaa. Mwongezeeni kahawa.

Akakaa.

Profesa: Wakimaliza magari wanaingia mwilini. Unawekewa goti jipya, kukunja bure, kunyoosha mpaka ulipie.

Honi: Mama kawekewa chuma cha nyonga.

Profesa: Uliwauliza kama ni cha moja kwa moja, au cha majaribio?

Honi akakodoa macho. Spana akasema nyonga ina fundi wake, yeye haimhusu. Profesa akaanza kueleza jinsi mama atakavyosimama ghafla katikati ya barabara, mguu mmoja hewani, akisubiri mtandao urudi.

Hapo ikasimama pikapu ya kubebea mboga. Nyuma yake, katikati ya matenga matupu, mama yake Honi alikuwa ameketi juu ya kiti cha plastiki, mfagiaji wa hospitali kakishikilia asianguke. Mfagiaji na dereva wa pikapu wakakishusha kiti polepole, mama akiwa juu yake, wakakitua mbele yetu. Ilikuwa kazi ya muda mfupi sana. Mama akalitazama gari la mwanawe, mlango wazi, kisha benchi, kisha vikombe.

Mama: Mwanangu, nimekaa getini mpaka walinzi wamebadilishana zamu. Ulikuwa wapi?

Honi akatugeukia sisi. Profesa akachukua kikombe chake, kitupu, akanywa. Spana akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa kandambili. Mimi niliona haya kwelikweli. Nikasimama haraka nimpishe mama benchi, ndipo nikakumbuka kwamba amekuja na kiti chake.