Kompyuta ya Kitheka

Mwaka wa 2003, ndani ya Pijo ya abiria kutoka Kajiado, Nashipae alimuuliza mzee aliyeketi kando yake kama kompyuta aliyoipakata imeharibika. Lilikuwa swali la kupitisha safari tu.

"Iko mzima," mzee akasema. "Naipeleka kwa mchungaji ichomwe. Ni ya kijana yangu, Kitheka. Iko na nyimbo za rock elfu tatu. Aliiunganisha na spika nne, anafunga macho, anatabasamu peke yake mpaka mabati inatetemeka. Hayo mashetani ndiyo yalimmaliza. Alikohoa, akakonda, tukamzika mwezi jana."

"Pole sana, mzee."

"Siku ya mwisho aliniomba nimuwashie wimbo moja tu. Nikakataa. Nikamwekea mahubiri."

Dereva akapunguza redio. Watu huwa na adabu sana wakitaka kusikia.

Nashipae akamgeukia. "Dada yangu pia alikohoa, akakonda hivyo hivyo," akasema. "Na yeye, mzee, alikuwa anaimba kwaya tu."

Gari likasimama Kitengela. Mchungaji alikuwa amesimama stejini, jerikeni ya mafuta taa mkononi. Akaja, akafungua mlango.

Mzee aliikumbatia kompyuta, asishuke.