Historia ya Kaka Yetu, Fundi wa Matangi ya Kupozea Kompyuta

Ndugu waombolezaji, mimi ndiye niliyemfuata marehemu kuzaliwa, na familia imenituma nisome maisha yake kama yalivyokuwa, bila kuongeza chumvi.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1968, mtoto wa pili kati ya watano wa baba seremala na mama mshonaji, akasoma shule ya msingi kuanzia 1975 hadi 1981, sekondari hadi 1985, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu kama fundi majokofu mwezi Novemba 1988. Huko chuoni walimpa jina la Hakikisha, kwa sababu hakuamini kitu mpaka akipime mwenyewe, na hata tarehe 16 Desemba 1995, alipofunga ndoa na wifi yetu, alikisoma cheti mara tatu kabla ya kutia saini, hadi msajili akamuuliza, "Bwana, unaoa au unanunua kiwanja?" Walijaliwa mabinti wawili.

Tarehe 3 Mei 2010 aliajiriwa katika kituo cha kompyuta kutunza viyoyozi, na mwaka 2017, kompyuta zilipoanza kuzamishwa nzima nzima katika matangi ya kimiminika kisichopitisha umeme ili kiziondolee joto, alikataa kuamini, akatumbukiza redio yake mwenyewe, taarifa ya habari ikaendelea kusikika humo ndani kama mtu aliyejifunika blanketi, ndipo akakubali.

Tarehe 20 Juni 2022 yaliletwa mapipa mapya, lebo zimekwanguliwa, na kimiminika chake kilikereketa koo, ilhali kile cha zamani hakikuwa na harufu yoyote. Alimuuliza meneja kimetoka wapi, akajibiwa, "Fundi, mashine zinapoa, unataka nini tena?" Aliandika barua tatu, nakala tunazo, majibu hatuna.

Novemba mwaka huo ngozi ya mikono yake ilianza kubanduka, Januari kikafuata kikohozi, na tarehe 6 Machi 2023 akahamishiwa getini, kwa maelezo kwamba umri umekwenda. Alilazwa mara nne, akafariki Jumatatu, tarehe 11 Machi 2024, saa tisa alasiri, mapafu yakiwa yameshindwa kazi, na madaktari bado wanachunguza chanzo.

Hatumshutumu mtu, lakini dalili ya mvua ni mawingu, na hatuelewi kwa nini siku iliyofuata, kaburi hata halijachimbwa, matangi mawili yalimwagwa na kuoshwa, wala kwa nini mjumbe aliyeleta rambirambi za kampuni, kabla hajakaa, alimuuliza wifi kama marehemu ameacha karatasi zozote. Wifi alimjibu, "Ameacha watoto."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao hata pale jibu lilipokuwa "hatujui" walilisema, majirani waliotupikia na kulala nasi, na wafanyakazi wenzake, hasa wale wawili waliokwenda jana asubuhi kuandika maelezo kwa mkaguzi wa usalama kazini, huku wakijua kibarua kinaweza kuota nyasi. Tunamshukuru pia meneja kwa shada la maua, na kwa kuwa tunamwona ameketi hapa, tunamwomba kwa heshima zote mapipa yaliyobaki yasiguswe, mkaguzi atafika kesho saa tatu asubuhi.

Kaka, wewe pumzika kwa amani, sisi tuko macho.