Kazi Tunayoiota Mukurweini

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Mchungaji Ndungu, wazazi wapendwa, nanyi wahitimu wangu wa kuandika programu za kompyuta: hamjambo, na poleni kwa baridi.

Mimi Wachuka, mwalimu wenu, nimekuwa nikiota. Naota ukungu ukipanda taratibu kutoka mashamba ya kahawa, na katika kila dirisha la Mukurweini kijana ameketi na kompyuta yake, chai iko kando, anatengeneza programu itakayotumiwa Mombasa au Japani, halafu mchana anatoka kumkatia ng'ombe majani. Mnacheka? Chekeni tu. Lakini nani alisema kazi nzuri lazima ituhamishe?

Shida yetu ni adabu. Hapa kwetu mgeni akiulizwa atakunywa nini, hujibu, "Chochote tu, mama," na hiyo ni heshima. Basi tunaibeba heshima hiyo hadi kwenye mahojiano ya kazi! Munene, yule pale mwenye tai ya bluu, aliulizwa mwaka jana angependa kufanya kazi wapi na saa ngapi. Akajibu, "Mimi niko sawa popote, saa yoyote, bora kazi." Wakamwamini. Wakamweka jijini, zamu juu ya zamu, na huku nyumbani babake, Mzee Waweru, ambaye macho yamemwacha, akakosa wa kumshika mkono kumpeleka juani. Alikaa ndani msimu mzima wa baridi. Munene akaiacha kazi ile, akarudi, watu wakasema amerukwa na akili. Mimi siku hiyo nilimpenda zaidi.

Leo kampuni nyingine itamhoji kwa video, dakika chache tu kutoka sasa, katika chumba hicho cha nyuma. Kazi yao inaweza kufanyiwa hapa, lakini ni lazima aombe mwenyewe. Asubuhi nilimuuliza atasema nini. Akainamisha kichwa: "Mwalimu, baba amekataa. Ati nisitaje mambo ya nyumbani, wataona naleta shida."

Mzee Waweru, nakuheshimu sana. Ulimlea peke yako, na hujawahi kumsumbua mtu hata kwa kiti. Lakini atajuaje mwajiri kile ambacho kijana amekificha? Je, Mzee, utamruhusu mwanao akutaje?

Mmeona? Ameitikia kwa kichwa! Ameitikia, jamani!

Basi inuka, Munene. Waambie unataka kazi itakayokuacha utembee na baba yako jua likitoka. Wakikataa, rudi ule pilau nasi, na kesho tutatafuta wengine.

Nasi tumsaidie. Mnajua mtandao wa ukumbi huu unavyochoka tukiushika wote. Naomba kila mmoja, kuanzia Mheshimiwa, azime waifai kwenye simu yake, tumwachie Munene peke yake.

Asanteni kwa kunisikiliza mimi. Sasa tunyamaze, asikike yeye.