Orodha Zetu Zibaki Kwenye Simu Zetu

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Mawasiliano, karibu katika karakana hii ya ushonaji. Kiti ulichokalia ndicho kizima. Hivyo vingine tumezoeana navyo.

HISTORIA
Sisi ni mafundi cherehani, wauguzi, wapishi na walinzi. Miaka minne iliyopita tulianzisha mtandao wetu wa kuwasiliana. Hauna makao makuu. Kila mtu hutunza orodha ya marafiki zake kwenye simu yake.

MAFANIKIO
Mtandao hupendekeza marafiki wapya. Simu mbili hugeuza majina kuwa tarakimu zisizosomeka, huzilinganisha, kisha husema tu: "Kuna watu mnaowafahamu wote." Hazisemi ni akina nani. Asiyetaka kupendekezwa hapendekezwi. Hivyo ndivyo fundi wa vifungo alivyompata shangazi yake waliyepoteana naye kwa miaka kumi na mmoja. Siku hiyo hakuna nguo iliyoshonwa.

CHANGAMOTO
Mwanzoni tulijigamba kwamba orodha ni siri, huku chini ya kila pendekezo tukiweka jina la rafiki wa pande zote mbili. Tuliona ndiyo adabu, kwani mgeni hutambulishwa na mwenyeji.

Mwenzetu mmoja, mpishi wa hospitali, alikuwa amemkimbia mume aliyempiga. Mume akajiunga kwa jina la uongo, akaomba urafiki kwa kila mwanachama. Akapendekezewa mkewe, na chini yake jina la mkunga, rafiki wa mkewe aliyekuwa amemkubali. Akamwendea mkunga, akajifanya kaka mtu, akaelekezwa nyumba. Dada yetu alitorokea dirishani, akavunjika mkono. Majuto ni mjukuu. Jina la rafiki tuliliondoa yeye akiwa ameshaumia. Tunaona aibu hadi leo.

MAOMBI
Tunashukuru kwa kompyuta kubwa uliyotuletea, na utepe tumeshaufunga. Tumeelezwa itakusanya orodha zote mahali pamoja ili mapendekezo yaharakishwe. Mheshimiwa, haraka hatuna. Mgeni njoo, mwenyeji apone: kata utepe, picha zipigwe, lakini kompyuta itumike kufundishia vijana wetu. Orodha tuachie.

HITIMISHO
Dada yetu bado ni mwanachama. Anakoishi hatukujui, wala mtandao haukujui. Ametuma sentensi moja, tuisome kama ilivyo: "Mwambieni mgeni, siku hizi nalala bila kusukuma kabati mlangoni."

Mungu akufikishe salama kwa wapendwa wako, na wabaya wako wasiione njia.

Ni sisi,
Wanachama wa Mtandao wa Majirani.