Kashata Moja Tu

Kwenye kona moja ya Mji Mpya, Morogoro, kuna benchi chini ya upenu wa duka la Fundi Abdu, mshonaji wa sare za shule. Ni benchi la watu wanne, ila jioni wanabanana saba. Jioni ile walikuwa watatu, na hao watatu wenyewe walikuwa wamenuna. Mlima Uluguru ulikuwa umejificha mawinguni tangu asubuhi, manyunyu hayakati, na mlango wa duka ulikuwa umefungwa siku ya sita. Ndani kuna cherehani ya kukanyaga, na mkanyagaji wake yuko wodini, kakatwa vidole viwili vya mguu wa kulia. Sukari hiyo! Daktari kasema isiposhuka, watakata juu zaidi.

Gervas, muuza mboga wanayemwita Kabichi, alikuwa amechukua kashata mbili kwa Latifu muuza kahawa. Mazoea tu. Moja alishaila. Ya pili ilikuwa imemkaa mkononi na hakujua aipeleke wapi.

— Kilichomponza ni majani, nawaambieni, alisema Profesa. Huyu ni Mzee Mwinjuma, mstaafu wa reli, na uprofesa alijipa mwenyewe. — Miezi minane mtu anakula mchicha wa kuchemsha, mafuta hamna, chumvi hamna! Mwili ukikosa mafuta unajila wenyewe. Unaanzia vidoleni.

— Acha fiksi zako, Profesa, alidakia Hafidhi, fundi pikipiki, jina la kijiweni Gia. — Kwani mwili ni panya?

— Kisaki nimekaa miaka tisa, kijana. Watu wanakula nyama mafuta yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nani kule ana sukari?

— Kule hawapimi, mzee wangu. Usipopima huna.

— Ehee! Umesema mwenyewe! Sukari inaletwa na kile kipimo. Wanakutoboa kidole, upepo unaingia.

Siku nyingine wangecheka mpaka kahawa iwamwagikie. Leo Latifu alijaza tu vikombe.

— Dawa ni mlima, alisema Gia. — Waluguru wa juu kule hawaugui. Ukipanda, sukari inabaki nyuma, haiwezi mwinuko. Au siyo, Kabichi?

— Mjomba wangu wa Mgeta, hukohuko mlimani, kafa nayo.

— Basi alikuwa anashuka sana.

— Hivi nyie mna akili kweli? Gervas alifoka. — Mtu anakatwa mguu, nyie mnaleta mzaha!

Gia akanywea, akateremsha sauti.

— Mimi nasema walimbana mno, bwana. Daktari mwenyewe alimwambia, mara mojamoja kidogo siyo dhambi. Kimshikaki kimoja tu jioni…

Akakatisha ghafla, akajitia kupuliza kahawa ambayo ilishapoa. Profesa naye akainamia matope kama kaangusha kitu.

Gervas akageuka kumtazama. Kidogo siyo dhambi! Maneno hayohayo Abdu alimnong'oneza yeye, akaongeza, “Usiwaambie hawa, watanisema.” Na yeye akamwonea huruma. Asubuhi anamuuzia Yasmin, mke wa Abdu, mchicha na figiri. Jioni anamsogezea mumewe kashata moja. Miezi minane yote alijua ni yeye peke yake.

Na Yasmin ndiye huyo alikuwa anavuka barabara, anatoka hospitali, hotipoti mkononi, khanga imelowa.

— Asalaam aleikum. Shikamoo Mzee Mwinjuma.

— Marahaba, mwanangu. Anaendeleaje?

— Bado haijashuka.

Walimpisha akakaa. Latifu akammiminia kahawa na kumwekea kashata pembeni, kama anavyomwekea kila mtu. Yasmin akairudisha.

— Hapana, Latifu. Nyumba nzima tuliacha, mimi na watoto. Nilisema asile peke yake chakula kisicho na ladha, atajiona kafungwa jela. Watoto walilia wiki ya kwanza, wakazoea.

Hakuna aliyeinua kikombe.

— Daktari kaniuliza leo mara tatu, alikuwa anakula nini kabla hajaletwa? Nimemtajia kila kitu, mpaka maji. Kasema chakula hicho hakiwezi kumfikisha pale. Kesho asubuhi wanakaa kuamua juu ya mguu, wanataka kujua. Nikasema nipite kwenu, maana kutwa alikuwa hapa. Alikuwa anakula kitu?

— Kahawa tu, mwanangu, alisema Profesa bila kumtazama. — Kahawa chungu.

— Basi ni mimi, Yasmin alisema taratibu. — Kuna mahali nakosea kwenye sufuria.

Gervas alitaka kunyamaza, Mungu anajua alitaka. Lakini mwanamke yule alikuwa anaikagua ile hotipoti, anatafuta kosa lake humo. Gervas akafungua kiganja na kuiweka kashata juu ya benchi, imelowa jasho.

— Nilimpa moja tu, shemeji. Kila jioni, moja. Alisema daktari kamruhusu.

Yasmin aliitazama ile kashata. Kisha akamtazama Gia, akamtazama Profesa aliyekuwa bado anakagua matope, akamtazama Latifu na birika lake, akaliangalia benchi toka mwanzo mpaka mwisho.

— Kwani jioni huwa mnakaa wangapi hapa?